Mkwe Mwepesi

Pale Viwanja Sitini, mjini Ifakara, hapakuwa na mtu aliyechukia uzito kama Egidius. Wengine huchukia wachawi, wengine huchukia kodi. Yeye alichukia kilo. Na haki alikuwa nayo, maana shingo yake ilikuwa imebeba vitu ambavyo hata punda angeketi chini akagoma. Alikuwa mpagazi wa watafiti wanaopanda milima ya Udzungwa kuangalia miti na ndege, safari za siku nne, tano, wakati mwingine wiki nzima. Alibeba masanduku, mahema, masufuria, na safari moja alibeba kiti cha kukunja cha profesa ambaye hakukikalia hata mara moja.

Mwaka 1993 akaja mtafiti wa vyura, mzungu mwembamba kama ufito, akiwa na begi la mgongoni alilolishona mwenyewe kwa kitambaa kama cha mwavuli. Halikuwa na fremu wala vyuma, wala ile mifuko kumi ya kupotezea funguo. Egidius alilinyanyua kwa nguvu alizozizoea, nusura ajipige nalo usoni.

"Mbona halina kitu?" akauliza.

"Lina kila kitu," akajibu mzungu.

Alipomaliza vyura wake, mtafiti yule alimwachia Egidius begi lile liwe lake. Tangu siku hiyo Egidius akawa kama mtu aliyeokoka. Na mnawajua waliookoka: hawanyamazi.

Alikata mpini wa mswaki akabakiza kipande cha kushikia kwa vidole viwili. Alikata kitana nusu, akieleza kwamba na nywele zenyewe zimebaki nusu. Kisu alikivua mpini. Sahani aliiacha nyumbani, akawa anakulia kwenye mfuniko wa sufuria. Baadaye akaona mfuniko nao ni anasa, akawa anakulia kwenye jani la mgomba. Suruali ya pili aliifuta kabisa katika maisha yake ya porini, na wapagazi wenzake wanasema siku ile aliyonyeshewa na mvua, jioni alizunguka kambini amejifunga turubai kiunoni huku akiwahubiria faida za kusafiri mtupu.

Lakini tusimcheke sana, maana begi lile alilitumia miaka, na miaka ilimfunza. Alijua kwamba begi lisilo na fremu hutaka blanketi lipangwe upande wa mgongo, la sivyo sufuria itakuchimba mbavu hadi utubu dhambi. Alijua kupanga kizito juu, karibu na mabega, na chepesi chini. Alijua kulivisha mfuko wa nailoni ndani, maana mvua ya Udzungwa haibishi hodi. Na alijua sheria kubwa kuliko zote: begi jepesi halisamehe mzigo mzito. Mwaka wa pili mikanda yake ilianza kuchanika, akalipeleka kwa fundi Nikodemu, ambaye cherehani yake iko mtaa wa Kibaoni. Nikodemu akang'oa mikanda ile, akashona mingine aliyoikata kwenye kiti cha lori bovu, na kuizungusha hadi chini ya begi.

"Fundi, umenifungia chatu!" Egidius alilalamika, akiupima mkanda mkononi. "Huu peke yake unazidi shati langu."

"Mkanda huu ulimshika dereva pamoja na kitambi chake," Nikodemu akamjibu. "Siku moja utanishukuru."

Watu wa mtaani walilipachika begi lile jina: Kanda la Usufi. Mnaujua msemo wenyewe, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mfuko wa sufi, mwepesi kwa anayeutazama tu. Kwa Egidius, walisema, hata mzigo wake mwenyewe ni usufi.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Agnetha, binti aliyekuja kukaa kwa shangazi yake kule Lumemo, akiuza vitumbua. Siku moja alimwomba Egidius kitana, akapewa nusu. Alicheka hadi akakalia ndoo. Egidius alikuwa amechekwa na watu wengi, ila hakuwahi kuchekwa vizuri namna ile, na tangu hapo vitumbua alivila asubuhi na jioni mpaka tumbo likamsumbua. Agnetha aliporudi kwao, ng'ambo ya mto Kilombero, mbele ya Lupiro kwenye vilima vya njia ya Mahenge, Egidius alibaki na tatizo moja ambalo hakujua kulipunguza uzito. Alimtaka yule binti awe mke wake.

Akamtuma fundi Nikodemu kuwa mshenga.

Nikodemu ni fundi hodari wa nguo, lakini maneno yake huyashona bila kupima. Baba yake Agnetha, Mzee Gasper, alimkaribisha vizuri, akamwuliza huyo kijana ni mtu wa namna gani. Nikodemu, akitaka kumsifu mwenzake kwamba ni mwepesi wa kazi, mwepesi wa kutumwa, akasema, "Mzee, yule ni mtu mwepesi."

Mzee Gasper akaweka kikombe chini. "Mwepesi?"

"Mwepesi mno! Sijapata kuona mtu mwepesi kama yule."

"Sisi hapa," alisema Mzee Gasper taratibu, "tunaozesha kwa watu wazito. Yupo mwenye duka hapo barabarani naye anauliza. Yule akikaa, kiti kinalia. Mwambie huyo mwepesi wako aje mwenyewe tumwone, kabla ya Pasaka. Pasaka ikipita, asisumbuke."

Agnetha alimsindikiza mshenga hadi njia panda, akampa ujumbe wa mdomo. "Mwambie Egi, kwetu mtu hutazamwa mzigo wake. Alete mchele wa Ifakara, walau kilo ishirini. Namwomba mara hii moja tu awe punda."

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Barabara ilikuwa imekatika vipande vipande, magari yamelala, na mtu mwenye shida zake alikwenda kwa miguu. Egidius alipima mchele kilo ishirini, akaujaza begini, akazunguka nyumba mara moja. Mabega yakamkumbusha masanduku ya zamani. Akapunguza kidogo, akazunguka tena. Akapunguza tena. Hivyo hivyo, nyumba ikizungukwa na mchele ukipungua, mpaka wazo likamjia, akalifurahia kama mtu aliyeokota almasi: mchele ni nini, kama si mbegu iliyokobolewa? Akachukua mbegu ya mpunga wa Supa, ngumi moja tu, akaifunga kwenye kitambaa. Hilo ni gunia zima, alijiambia, ila bado limelala. Akaongeza doti ya khanga kwa ajili ya mama mkwe, na kwa kuwa khanga nazo hufaa kujifunika, blanketi akaliacha nyumbani.

Alivuka mto kwa mtumbwi, akakata matope siku mbili na nusu, akilala kwenye ile zawadi. Alifika Alhamisi Kuu, mwepesi kama alivyoondoka, akiwa na furaha na harufu ya moshi.

Sasa, mgeni akitokea uani, mwenyeji hamwachi asimame na mzigo wake. Humkimbilia, humpokea, ndipo salamu zifuate. Mama Agnetha, mwanamke mnene mwenye nguvu za kutwanga, aliona begi limetuna mgongoni, maana Egidius alikuwa amezikunjua zile khanga zijaze nafasi. Akajua mchele aliodokezwa na Agnetha umefika. Akakaza miguu, akainama, akashika mikanda kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu ya kilo ishirini.

Begi likaruka. Mama Agnetha akalifuata. Alirudi nyuma hatua kadhaa asizozipanga, kuku wakatawanyika, akaketi kwa kishindo ndani ya beseni la mihogo iliyolowekwa, begi likiwa juu ya kichwa chake kama kofia.

"Shikamoo mama," alisema Egidius, kwa kuwa hakuna jingine lililomjia.

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka chini ya begi.

Agnetha alijificha jikoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Nafikiri vyote viwili.

Mama aliketishwa mkekani akisema hakuumia. Egidius akatoa khanga, zikanuka moshi wa kambi mbili. Akafungua kitambaa cha mbegu, akaeleza habari za gunia lililolala. Alieleza vizuri sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Mzee Gasper ulivyozidi kufungwa.

"Mshenga wako hakutudanganya," mzee alisema mwishowe. "Wewe ni mwepesi. Mkono mtupu haulambwi, kijana. Pumzika, kula, kesho urudi kwenu. Binti ataolewa na mwenye duka."

Egidius alitazama mbegu zake. Hakuwahi kuona kitu kidogo namna ile. Moyoni aliumia hasa, na maumivu hayo hayakukubali kukatwa nusu.

Ndipo Mama Agnetha akajaribu kuinuka akapike. Akapiga ukelele. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama boga, na kukigusa hakikugusika. Majirani wakaja, wakasema apelekwe haraka hospitali, nyuma ya vilima viwili na ng'ambo ya kijito. Mmoja akataka kitanda kifanywe machela. Mwenzake akamkumbusha kwamba daraja limechukuliwa na maji. Limebaki gogo moja la kupita mtu mmoja, na watu wanne wenye machela hawapiti kwenye gogo.

"Nitambeba mimi mgongoni," alisema Egidius.

Mzee Gasper akasimama. "Mkwe ambebe mama mkwe? Hapa kwetu hata kupeana mikono hawapeani!"

Egidius alijua neno linalotakiwa, na alijua litamgharimu nini. "Mzee, si umenikataa? Basi mimi si mkwe. Mimi ni mpagazi tu."

Agnetha alitoka jikoni akamtazama, na safari hii hakuwa akicheka. Kutoka mkekani mama akasema, "Mnabishana huku mguu ni wangu. Mpagazi, njoo."

Egidius akatoa kile kisu kisicho na mpini. Akalishika begi lake la miaka mitano, lililopanda naye milima yote ile. Kisha akalitoboa chini matundu mawili ya kupitishia miguu. Akalivisha gunia kwa ndani, akaikaza mikanda ya lori inayozunguka chini, akamketisha mama humo na kumfunga kwa zile khanga, juu kabisa, karibu na mabega. Akainuka. Magoti yakasema neno ambalo siliandiki hapa.

Wakaenda. Mama mgongoni alisali rozari sikioni mwake, na katikati ya sala akawa anamwonyesha njia. Nyuma yao Mzee Gasper alitembea na fimbo yake tu.

"Kaza mwendo, njia si mbaya!" mzee aliita kwenye kilima cha kwanza. Na kwenye cha pili, "Mbona unapumzika tena?"

Juu ya gogo, maji mekundu yakipiga kelele chini, kitambaa cha mwavuli kilichanika kwa sauti ndefu. Mama akaacha rozari. Egidius akasimama, akangoja. Kitambaa kiliachia, gunia likalegea, lakini mikanda ya lori ilishika, kama ilivyomshika dereva na kitambi chake. "Nikodemu," alinong'ona Egidius, "Mungu akubariki wewe na cherehani yako." Akaendelea, unyayo baada ya unyayo, mpaka ng'ambo.

Barazani hospitalini alimshusha taratibu, kisha naye akajishusha, akalala chali sakafuni. Wauguzi wakamzunguka mama. Mzee Gasper akafika, akamsimamia mpagazi wake, akamwuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Enhe. Mzigo ulikuwa mzito?"

Akisema mzito, amemtukana mama wa watu mbele ya mumewe. Akisema mwepesi, neno hilo tayari lilikuwa limemfukuza nyumbani kwa mzee. Mama Agnetha mwenyewe aligeuza shingo asikie. Egidius alijiinua kwa kiwiko.

"Mzee," alisema, "mzigo wa mwenzio ndio kanda la usufi. Huu niliuhisi wote. Huu ulikuwa wangu."

Mzee Gasper alitazama fimbo yake, akatazama njia waliyotoka, njia ambayo haikuwa mbaya. Aliyesema ni mama.

"Baba Agnetha, mpe huyu mpagazi maji anywe, aende zake, tumeshukuru. Mkwe wangu bado hajafika. Yuko njiani. Akitokea, mwambieni safari hii aje na mchele."

Egidius alirudi Ifakara na matambara ya begi yamening'inia begani. Majuma mawili baadaye alitokea tena uani kwa Mzee Gasper, matope mpaka magotini, shingo imezama mabegani, na kichwani gunia la mchele ambalo hakulipunguza hata punje. Mama Agnetha alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Agnetha alipotaka kumwita jirani asaidie, mama alimkataza.

"Mpokee mwenyewe," alisema. "Mimi nilishapokea."

Agnetha akamkimbilia, akakaza miguu, akainama. Akashika gunia kwa mikono miwili, akavuta, na gunia halikuruka.