Chungu Alicholamba Kashata

Juzi nilikwenda msibani Temeke. Nisingekwenda, lakini binti wa marehemu alinipigia simu mwenyewe, na mtu akikuita msibani kwa jina lako huna pa kujificha. Tumeketi mkekani wanawake watupu, pilau haijapakuliwa, binti akasimama akatuomba kwamba yeyote aliyekosewa na mama yake amsamehe, apate kulala salama. Wote wakaitikia, tumemsamehe. Mie sikuitikia. Niliinamisha kichwa nikajifanya natengeneza ushungi.

Wewe unanijua. Nimesamehe watu wenye makosa makubwa. Mume wangu nimemsamehe, walionidhulumu kiwanja nimewasamehe, au karibu. Lakini huyu alinipotezea mbwa, na jibu alilonipa sijalimeza mpaka leo.

Kinondoni unayoijua wewe ni ya magari na maduka. Ya kwangu, enzi hizo za Mwingereza, ilikuwa ya mihogo. Ukishaipita nyumba yetu ya udongo na makuti ilikuwa mihogo, mikorosho, halafu vichaka, na nguruwe pori walikuwa wakitoka huko kuja kufukua alichopanda bibi. Asubuhi mie na bibi tunateka maji kisimani, tunafagia uwanja, tunabandika muhogo wa chumvi, na juu ya moshi wetu inakuja harufu ya vitumbua vya jirani. Hiliki, na nazi inayoungua kidogo kwenye chuma.

Jirani huyo alikuwa mjane mwenye mtoto wa mgongoni. Uwanja wetu ulikuwa mmoja, hakuna ua, kila mtu anajua mwenziwe kapika nini. Unga wake wa mchele ulikuwa ukiumuka ndani ya chungu kikubwa alichoachiwa na mama yake, na watu walisema siri yote imo humo. Wanaume waliokwenda bandarini kwa miguu walikuwa wakisimama kwake. Mwalimu wetu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, hakuanza siku bila viwili vyake.

Mbwa aliachwa na mwalimu wa shule, Mkristo kutoka bara, aliyekuwa kapanga karibu nasi. Alipohamishwa alikuja kwa bibi akamwambia, mchukue huyu, nguruwe watakukoma. Bibi aliitazama mihogo yake iliyofukuliwa, akakubali kwa masharti. Mbwa asivuke kizingiti, ale kwenye kigae chake, na mate yake yasiguse chombo cha mtu. Sie ni watu wa pwani. Chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na hilo kila mtoto alilijua. Halafu akanigeukia mie. "Nakukabidhi wewe. Likimpata lolote nakuuliza wewe."

Nikamwita Kashata kwa sababu ya rangi yake. Shingoni alikuwa na ukanda wa ngozi wenye kibati, na kibati hicho ndicho kilichokuwa uhai wake. Kulikuwa na watu wa serikali waliopita mitaani na bunduki kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Mwenye kibati wanampita, asiye nacho wanampiga na kumtupa kwenye mkokoteni.

Alasiri moja tunatoka shamba, mie na Kashata, tukakuta jirani kaacha chungu chake nje, kakifunika kwa kawa. Kabla sijasema kitu kawa iko chini na ulimi umo chunguni. Jirani akatoka ndani. Tukatazamana. Unga ule aliumwaga nyuma ya choo, Mungu anamuona, hilo alilifanya. Lakini chungu alikisuuza kwa maji kidogo tu akakirudisha mahali pake. Angekisugua kwa udongo, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, uwanja mzima ungejua kuna nini, na habari ya mbwa ikishaingia kwenye vitumbua haitoki. Kukivunja nako hakukubali. Akanishika bega, akaniambia, "Mwanangu, haya yaishie hapa."

Yakaishia hapo. Kila asubuhi nikawa napewa vitumbua viwili bure, kimoja nakula, kimoja nampelekea bibi. Nilijua vimetoka kwenye chungu gani. Vilikuwa vitamu, utanisamehe.

Tatizo lilikuwa Kashata. Mbwa akishaonja mahali hasahau, na kila alasiri alikuwa akienda kujilaza karibu na chungu kile, anakitazama. Wapita njia wakawa wanamtania jirani kwamba kapata mlinzi. Yeye hakucheka.

Siku moja Kashata hakuja kula. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Yuko wapi niliyekukabidhi?" Afadhali angenichapa. Ukanda ule nilikuwa nimeufunga kwa tundu la mwisho, ulegee, nikimwonea huruma na joto, nikaamini umemvuka kichwani na kosa ni langu. Nilizunguka Kinondoni mpaka Magomeni nikimwita, watoto wa huko wakinifuata nyuma wakiigiza sauti yangu. Mwuza maji mmoja ndiye aliyeniambia niache kuita. Mbwa wa rangi hiyo alikuwa amepigwa kule njia kuu, hakuwa na ukanda.

Nikawa sili. Nikilala namwona, nikiamka namwona, na kila mara ni mie niliyemuua. Hali hiyo iliendelea mpaka asubuhi jirani aliponituma nimchukulie makumbi ya nazi ya kuchochea moto. Nikaingiza mkono ndani ya gunia, na chini kabisa nikagusa ngozi. Ulikuwa ukanda wa Kashata, na kibati chake. Haukukatika wala haukuvuka kichwa, ulikuwa umefunguliwa bizimu, kile kifungio chake. Mbwa hajui kufungua bizimu.

Nikamwonyesha. Alitazama kwanza kama kuna mtu anayetuona. "Mie nimevua ukanda tu, mwanangu," akasema kwa upole, huku anamimina unga kwenye chuma. "Bunduki sikushika mie. Waliopiga ni wao." Kisha akaniwekea vitumbua vitatu badala ya viwili.

Vitatu. Hicho cha tatu ndicho kilichoniunguza zaidi. Nilivimwaga mchangani nikaenda kumlilia bibi, nikamweleza habari ya ukanda na maneno yote aliyoniambia jirani. Bibi alikasirika. Akasema aliyemvua ndiye aliyemuua, asijifiche nyuma ya bunduki ya mtu. Habari ya chungu sikumwambia. Hiyo nilijiwekea.

Kesho yake niliamka na furaha, nakwambia kweli. Nikaoga, nikavaa gauni langu la Idi. Nikasubiri wateja wajae. Nikasubiri mwalimu wa chuo ashike kitumbua chake na kukiuma. Ndipo nikasogea, kwa adabu zote, kwa sauti ile ninayosomea Kurani.

"Shikamoo mama. Kile chungu alicholamba Kashata, ulikiosha mara ngapi?"

Mtu mmoja wa bandarini aligeuka akatema. Mwalimu aliushusha mkono wake polepole, akamuuliza, "Ni kweli?" Angekana tu, mwenzangu. Mie nilikuwa mtoto, nani angenisikiliza? Alikitazama chungu, akamweka vizuri mwanawe mgongoni, akasema, "Ni kweli." Wakaondoka mmojammoja. Alibaki na chuma kinatoa moshi na sinia limejaa. Nikasimama palepale kumtazama, na ile ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote za utoto wangu. Niliona Kashata kalipwa.

Hakuuza tena. Alijaribu kupika na sufuria mpya, hakuna aliyesimama, na wengine waliziba pua kwa makusudi. Chungu cha mama yake alikivunja mwenyewe, nilisikia vigae vikianguka. Mwezi haukuisha akahamia kwa kaka yake Temeke, mtoto mgongoni, chuma kichwani.

Bibi naye alikuwa amekula vitumbua vile kwa mkono wangu. Siku ile ya swali langu aliosha kila chombo chetu mara saba, akanisukutulisha mpaka fizi zikauma. Jirani alipokwisha kuhama, bibi akaketi kizingitini, akasema nimemfukuzisha mjane na mtoto. Nikamjibu kwamba mie nimeuliza swali tu, kuacha kununua wameacha wenyewe.

Alinitazama sana. "Maneno haya uliniletea juzi ukilia," akasema. "Yalikuwa ya mwenzako."

Akanyanyuka akaenda kuchambua kisamvu. Nilimkasirikia wiki nzima. Mie sikuanza. Hilo nilijiambia siku ile na bado najiambia.

Sasa msibani. Watu walipokwisha kula, binti alikuja kuketi karibu nami. Yule wa mgongoni, ana mvi sasa. "Shikamoo shangazi," akasema. "Mama alikuwaga akikutaja. Aliniagiza nikutafute, nikwambie alishakusamehe tangu zamani."

Hasira zilinipanda kama sina umri huu. Nani alimwomba? Mie ndiye niliyeuliwa mbwa, yeye ndiye wa kusamehewa, halafu ananitangulia, tena kimyakimya, miaka yote hiyo, bila kuniambia. Nilikuwa nishafungua mdomo nimjibu vibaya mtoto wa watu na msiba wake.

Akaniwahi. Alisema mama yake hakupika tena vitumbua maisha yake yote, hata vya nyumbani, hata mwezi wa Ramadhani. Watu wazima wa Kinondoni walikuwa wakimsifia navyo, lakini yeye binti hajui ladha yake. Wameshakufa wote waliokula, isipokuwa mie. "Vilikuwaje, shangazi?"

Mihogo ya bibi imekwisha, pamejengwa ghorofa. Nguruwe sijui walikwenda wapi. Na uwanja usio na ua hakuna tena, kila mtu na geti lake na mbwa wake wa kizungu. Nikamwambia vilikuwa laini katikati, na pembeni vina ukoko mwembamba unaovunjika, na hiliki unaisikia mwishoni, ukishameza. Nilimweleza mpaka nikamaliza. Akanishika mkono, akangoja, na nilijua anangoja nini.

Neno lenyewe, lile waliloitikia wenzangu mkekani, sikulisema.