Turubai la Mama Spesi

Enzi zetu, ninyi wa rika langu mtakumbuka, kahawa ikiiva pale Bukiriro hata mvivu aliamka mapema. Tulichuma huku tukifyonza matunda mekundu, midomo ikinata utamu, na vikapu vikijaa tunakimbilia kuteleza mlimani juu ya magome ya migomba hadi sketi zinachanika. Mtoto wa siku hizi ukimpa kikapu anauliza kwanza kama shambani kuna mtandao.

Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, jirani na kwetu, Baba aliahidi kuninunulia viatu vya shule mara kahawa ikiuzwa. Viatu vyangu vya kwanza! Nililitangazia darasa zima. Mimi na dada yangu Tedi tukapewa kazi ya kulinda kahawa iliyoanikwa uani. Mama hakuchoka kutuonya: "Kahawa ikiloa, na viatu vimeloa."

Jumapili moja wazazi wakiwa kanisani, wingu zito likatanda ghafla. Tukazoa kahawa kwa vikapu, kwa sahani, hata kwa sketi zetu, lakini ua mzima ulikuwa bado umejaa. Nikaanza kulia. Kwenye njia ya kutoka Lukole alikuwa anapita mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni, turubai jipya kichwani. Alikuwa analipeleka kijijini kulibadilisha kwa ndizi.

"Shikamoo," nikasema kwa kwikwi.

"Marahaba. Unaniamkia au unalia?" Aliuliza kwa Kirundi, lugha ambayo sisi Wahangaza tuliielewa vizuri, maana inafanana na yetu.

Hakungoja jibu. Alilikunjua turubai, akaifunika kahawa yote, akapanga mawe pembeni. Mvua ikashuka kama imetumwa, nasi tukajibanza barazani tukicheka, yeye akiwa ameloa chepechepe.

Mama aliporudi kutoka kanisani alimkumbatia yule mkimbizi pale pale, matope na yote. Akambebesha mkungu mkubwa wa ndizi, na turubai lake akamrudishia. Tangu siku hiyo Mama Spesi, ndivyo alivyoitwa, alikuja kila msimu kuchuma nasi. Viatu vikanunuliwa, nikavivaa hadi kitandani.

Kisha wakimbizi wakarudishwa kwao, naye pamoja nao, na hatukuwahi kuagana. Inaniuma mpaka leo.

Sasa naanika kahawa yangu kwenye vichanja vya waya, nikiwa na maturubai ya kutosha. Wanangu wana viatu vingi hata hawajui pea nyingine iko wapi. Lakini wingu likitanda, mimi huitazama kwanza njia ya kutoka Lukole, ndipo naikimbilia kahawa.