Siku Mwelu Alipotulia

Mbinya alikuwa mpiga msasa katika karakana ya wachonga vinyago kule Wamunyu. Wanaume walichonga, yeye na wanawake wenzake walikaa chini ya mabati wakisugua twiga na vifaru mpaka mti uwe laini kama shavu la mtoto. Ni kazi ya mtu mtulivu, na Mbinya alikuwa mtulivu. Ndiyo maana majirani hawakuchoka kuuliza Mwelu alimtoa wapi.

Mwelu alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka minane. Ukimtuma maji, utaikuta ndoo njiani na mwenyewe yuko juu ya mti wa watu. Shuleni alipoteza penseli nne kwa wiki moja. Alijibu kabla swali halijaisha, na alipokosa la kujibu aliimba. Hakuwa mjinga. Mwulize mambo ya jana, atakusimulia mpaka rangi ya mbwa aliyepita. Lakini katika daftari lake hapakuwa na sentensi iliyofika mwisho.

Mbinya alimchapa. Hajawahi kulificha jambo hili. Alimchapa kwa mwiko, kwa ndara, kwa chochote kilichokuwa karibu, kwa sababu mumewe Ndunda alisema achapwe, na mama mkwe alisema, na hata kanisani mtu akisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, vichwa viligeuka kutazama benchi lake.

Aliyesema neno tofauti alikuwa Mwalimu Linet wa Gredi ya Pili. Alimwita Mbinya siku moja baada ya masomo, akamkalisha kwenye kiti cha mtoto.

"Mama Mwelu, huu si utundu tu. Mimi niko na ndugu yangu alikuwa hivi hivi, na sisi tulimpiga mpaka akatoroka nyumbani. Mpeleke hospitali, Machakos mjini. Kuna daktari wa watoto kama hawa."

Walienda mara tatu. Daktari aliuliza maswali mengi na kujaza karatasi, na nyingine akamtumia Mwalimu Linet azijaze. Mwishowe akaandika herufi nne, ADHD, akazipigia mstari chini.

"Si kwamba hataki kutulia," alisema. "Hawezi, vile wewe huwezi kuzuia chafya. Dawa zipo, tutaziangalia baadaye. Tuanze na nyumbani na darasani. Mpe kazi moja moja. Akimaliza, msifu papo hapo. Na fimbo, mama, iwekeni chini."

Mbinya aliitikia, "Sawa, daktari." Jioni hiyo, akimwosha Mwelu miguu, alikuta alama kwenye shavu la mguu, nyembamba, iliyopona zamani. Akajaribu kukumbuka ilikuwa kwa kosa gani. Hakukumbuka.

Muhula uliofuata ulikuwa mwema. Linet alimketisha Mwelu mbele, akamfanya mfutaji wa ubao, na kila alipomwona anaanza kuchezacheza alimtuma kwa mwalimu wa darasa la jirani na ujumbe usio na maana yoyote, ili apate tu kutembea. Nyumbani Mbinya hakusema tena "safisha nyumba." Alisema, "Leta ufagio." Ukiletwa, "Sasa fagia hapa mlangoni." Ndunda alikuwa akicheka: "Unamlea kama mtoto wa mzungu." Lakini Mwelu aliandika barua ya mistari sita kwa nyanya yake, na mstari wa sita ulikuwa na nukta.

Septemba, Linet akapata uhamisho kwenda Kithyoko. Barua ilikuja Ijumaa, Jumatatu hakuwepo.

Mahali pake palichukuliwa na Mwalimu Laban, mtu mzima, mchovu, aliyekuwa na watoto sitini na watatu katika chumba kimoja. Wiki ya tatu Mbinya aliomba ruhusa kazini ampelekee barua ya daktari. Alifika wakati wa mapumziko. Uwanja ulikuwa umejaa kelele. Akamtafuta Mwelu kwa macho, hakumwona, akaingia darasani.

Mwelu alikuwa peke yake. Alikuwa amefungwa kwenye dawati kwa sweta lake mwenyewe, mikono ya sweta imezungushwa kiunoni na kukazwa kwa nyuma. Sketi ilikuwa imelowa, na chini ya benchi palikuwa na maji.

Mbinya akapiga magoti, akaanza kulifungua lile fundo.

"Mwaitu, usinifungue," Mwelu alimnong'oneza mama yake. "Mwalimu amesema bado."

Laban alipoingia hakukana. "Mama, niko na watoto sitini na watatu," alisema, akitazama pembeni. "Niambie wewe nifanye nini." Mbinya alimpa barua ya daktari.

Alishtaki. Afisa wa elimu alikuja, akaandika, akaondoka, Laban akaonywa. Lakini wazazi walikuwa upande wake. Mwenyekiti wao, Mzee Mutiso, alimfuata Mbinya hadi karakana.

"Mama Mwelu, tunakuonea huruma. Lakini watoto wetu sasa wanasoma. Usituharibie."

Kisha likaja lile ambalo Mbinya hakulitegemea. Mwelu akatulia. Alianza kukaa ukutani nyumbani, mikono mapajani, mpaka atumwe. Maji aliyaleta ndoo ikiwa imejaa. Hakupanda mti wa mtu. Hakuimba. Alipoulizwa mambo ya jana alisema, "Sijui." Na daftarini sentensi bado hazikufika mwisho, sasa hazikuanza kabisa.

Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti. Ndunda alisema, "Unaona? Alitaka tu mtu wa kumkazia." Mbinya alimgeukia mumewe. "Baba Mwelu," alisema, "huyu mtoto anaogopa kupumua." Ndunda akachukua kofia yake, akatoka.

Alimrudisha kwa daktari. Daktari alisema huko si kupona, na kumsaidia sasa kutachukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo Mbinya akamhamishia shule ndogo ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku ya kwanza alimsindikiza, na barua mpya mkononi.

Mwalimu wa huko alikuwa mwanamke mchangamfu. Alimwonyesha Mwelu nafasi, na Mwelu akaketi, akatazama mbele, asisogeze hata kidole. Mwalimu akatabasamu.

"Mtoto mtulivu hivi! Hongera, mama, umemlea vizuri."

Mbinya alifungua mdomo aanze kueleza. Nyuma yake wazazi wengine walikuwa wanangoja zamu. Aliiweka barua mezani, akasema asante, akatoka, na alipopita nje ya dirisha hakuthubutu kutazama ndani.