Mdogo wangu ameuwasha moto uliozimika mikononi mwangu

Admin, jina langu lifiche, na gazeti nililofanyia kazi usilitaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mstaafu, naishi Lushoto. Nimekuwa mwandishi wa habari maisha yangu yote ya kazi. Nimeandika maporomoko ya udongo, kesi za mashamba, ajali za malori ya mbao ya Shume. Sikuwahi kulia kazini. Wiki hii nimelia kwa sababu ya kurasa nne za kitabu cha mdogo wangu wa kike, tumbo moja.

Enzi za Ujamaa, nikiwa na miaka tisa hivi, kaya chache zilizokaa mbalimbali juu ya Vuga ziliambiwa zishuke kwenye kijiji kipya huko tambarare, upande wa Mazinde. Kwetu mtu akihama hakuanza kwa kiberiti, alihama na moto wake. Mama alichota makaa mekoni, akayafukia kwenye majivu ndani ya chungu kilichomeguka mdomo, akanikabidhi mimi. "Usiupulize," aliniambia. "Uache ulale." Baba alitangulia na mbuzi. Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, bado ananyonya.

Tulipofika nilichokoa majivu kwa kijiti. Hakukuwa na hata cheche. Mama hakunigombeza, wala hakulia. Alicheka kidogo, akasema, "Haya, majivu nayo yametoka nyumbani. Yamwage hapo tutakapopikia." Kisha akaenda kuomba moto nyumba ya pili, kwa mwanamke tusiyemjua aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge. Nimwite Bi Rehema.

"Wasambaa nyie!" Bi Rehema alimtania. "Mmeshuka na baridi yenu, sasa mwataka moto wetu! Chukua. Na huo uji mpe mtoto."

Mama alimwita dada mpaka siku anakufa.

Haya yote nilimsimulia mdogo wangu mwenyewe. Alikuja kwangu akasema anaandika maisha yake, hakumbuki chochote cha kule, nimsaidie. Nilimpa jioni nzima, mpaka harufu ya yale majivu. Sasa kitabu kimetoka, na sura ile inaanza hivi: "Nilibeba moto wa mama yangu." Kitabuni yeye ana miaka sita. Mimi simo. Moto unafika hai, mama analia kwa furaha, na wanawake wa kijiji wanakuja kuomba. Wa kwanza ni Bi Rehema, kwa jina lake halisi, amenyoosha kigae cha kutilia makaa kama ombaomba.

Nilimpigia simu. "Ulikuwa mgongoni," nikamwambia.

"Dada, wewe umezoea gazeti. Hiki ni kitabu cha moyo. Nimeandika nilivyohisi."

"Ulihisi nini? Ulikuwa umelala."

"Lakini nilikuwepo! Na watu wanalia wakisoma. Majivu yangemliza nani?"

"Mimi."

Akakata simu.

Sikatai kwamba mtu anaweza kuumizwa na jambo asilolikumbuka. Angeandika tu, "dada yangu alinisimulia," ningenunua nakala nikagawa kanisani.

Mwezi ujao tunasimika msalaba kwenye kaburi la mama. Mdogo wangu atasoma kurasa hizo mbele ya watu, na mchungaji ameshatangaza. Amenitumia ujumbe kwamba akimaliza, mimi kama mkubwa nisimame niseme ndivyo ilivyokuwa, maana watu wa huku wananiamini kwa kazi yangu. Bi Rehema yu hai. Amezeeka, lakini masikio yake ni mazima, na ameandaliwa kiti cha mbele. Atasikia kwamba alikuja kwetu kuomba. Nikikanusha, nimeleta ugomvi juu ya kaburi la mama, na nitaitwa dada mwenye wivu. Nikinyamaza, nimetia saini.

Na kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Tangu nisome kitabu kile, nikifumba macho namwona mama akilia. Hakulia. Nilikuwepo, chungu kilikuwa mikononi mwangu. Lakini kile kicheko chake kidogo, kila nikikitafuta, hakiji.

Nyie mliozika mama zenu, niambieni. Nisimame siku ile niseme moto ulizimika na Bi Rehema ndiye aliyetupa wake? Au nikae kimya, mpaka na mimi nianze kuamini kwamba uliwaka?