Mabibi Wawili Niliowatupa

Poka nilifundishwa na kabo wa jikoni, koplo Mreno mwenye tumbo bovu na adabu mbovu zaidi. Tulikuwa wanne tuliomfanyia kazi kambini, ndani ya kijiji ambacho Wareno walikizungushia waya wakati wa vita, na alitufundisha ili asikose watu wa kuwafunga. Kanuni aliyonipigia kelele zaidi ni hii: ukiwa wa kwanza kusema, hujui wenzako wameshika nini, kwa hiyo ingia na wafalme wawili au ree mbili, chini ya hapo tupa. Anayesema mwisho ndiye anayeweza kuchezea takataka, maana ameshawasikia wote.

Kwa Wareno hiyo nafasi ya kwanza huzunguka. Kwetu haikuzunguka. Mpishi mkuu alikuwa mkwe wangu, baba wa mke wangu, nami ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote. Mdogo huanza kuamkia, basi tukaona mdogo aanze na karata. Nikasema wa kwanza kila zilipogawiwa, mwaka mzima. Kabo alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Sisi hatukuona cha kuchekesha.

Mke wangu alikuwa Macaloe kwa shangazi yake, mimba ya miezi tisa. Kutoka nje ya waya kulitaka guia, karatasi yenye muhuri, na jikoni tulipewa moja tu. Mimi niliitaka kwa kuwa ni mume. Mkwe aliitaka kwa kuwa ni baba. Dobi na mchanja kuni waliitaka kwa kuwa ni binadamu. Kabo akasema tuichezee kwa korosho, baada ya kuosha vyombo vya mchana, hadi adhana ya alasiri. Mwenye nyingi aende. Kushindana na mkwe kwa karata juu ya binti yake ni aibu. Tulicheza.

Nilitupa, nikatupa tena, nikaingia mara mbili na ree, nikala. Mimi na mkwe tukawa sawasawa, wenzetu hoi. Zikagawiwa nyingine, nikapata mabibi wawili. Lakini mabibi si wafalme, nami ndiye wa kwanza kusema. Nikawatupa. Dobi akatupa, mchanja kuni akatupa, mkwe akazoa korosho nne za katikati kisha akafunua mkono wake: saba mbili, basi. Adhana ikalia. Nilipiga teke sufuria, na nilikuwa peku.

Mkwe aliondoka Jumamosi, arudi Jumatatu. Hakurudi. Alimchukua binti yake na kichanga, wakavuka mpaka hadi Mtwara. Mimi tropa, askari wa Kireno, waliniita kuniuliza, wakanipiga, wakanirudisha jikoni kwa sababu wali hauwezi kujipika. Nilimchukia yule mzee miaka sita, na sioni haya kusema.

Vita vilipokwisha wakarudi. Mwanangu alikuwa ameng'oka meno ya mbele, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Nikamweleza mke wangu habari ya wale mabibi: ningewacheza, ningekuja mimi, ningempakata mtoto akiwa bado mwekundu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Ungekuja wewe," akasema, "Jumatatu ungerudi."

Nilifungua mdomo nimbishie. Nikakumbuka: Jumatatu ile ilikuwa zamu yangu ya kuwasha jiko.