Mlango wa Mninga Uliogeuzwa Meza

Tulikuwa watano siku ile. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu mwenye nyumba, mtoto wa kwanza wa binti yangu wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi. Mume wake, mwalimu pia, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyeletwa huku na kazi. Mwanangu wa mwisho, ambaye kwa huyo mjukuu ni mjomba. Na fundi seremala, jirani yao hapo mtaani Lizaboni, ambaye si ndugu, ila amekula pale mara nyingi mpaka anahesabiwa. Majina yao ninayo, na ya mama zao pia, lakini sitayaandika. Kila mmoja wetu siku hiyo alifanya jambo asilopenda litangazwe.

Nilikuwa mjini kwa ajili ya macho. Nilitolewa mtoto wa jicho, nikakaa wiki kadhaa mtaa wa Msamala kwa binti yangu, nikiwa na kitambaa usoni kama mtoto anayecheza kujificha. Kilipotolewa, dunia ilirudi ikiwa kali kuliko nilivyoiacha. Niliona hata vumbi lilipokaa. Ndipo mwanangu akaja na bajaji kunichukua, akasema mjukuu amehamia nyumba yake, Jumapili padre anakuja kuibariki, kwa hiyo twende nikaione kwanza. Njiani alikuwa anachekacheka peke yake. Nikajua kuna jambo.

Nyumba yenyewe ni ndogo, vyumba viwili na sebule, plasta ndani, nje bado matofali. Mshahara wa walimu wawili uliishia kwenye bati. Vya ndani mjukuu alikuwa ameviokota. Aliniambia hivyo bila aibu, akinishika mkono, kwamba hakuna kitu humu alichonunua dukani, Bibi, hata kimoja. Mapazia ni mashuka ya mitumba aliyoyachovya rangi ya chai. Viti ni matairi ya gari yaliyozungushiwa kamba ya katani, juu yake mito ya khanga zilizochakaa. Taa ya sebuleni ilikuwa imevalishwa kikapu kilichopinduliwa, ukutani kivuli chake kikawa kama wavu. Ungo wangu niliompa siku ya harusi ulikuwa ukutani, umepakwa rangi ya bluu katikati. Nikamuuliza atapetea nini mchele. Akasema mchele wa siku hizi wanauza umeshapetwa.

Pembeni kulikuwa na kinu kimepinduliwa, kitako juu. Mume wake akakifuta kwa kiganja, akanikaribisha.

"Keti, mke wangu mkubwa," akasema. Hivyo ndivyo tunavyotaniana, mimi ni mke wake wa kwanza na mjukuu wangu ni mdogo wangu.

"Mume gani anamkalisha mkewe juu ya kinu?" nikamwambia. "Kwenu mnatwangia wapi, kwenye sofa?"

Wakacheka wote. Kwetu kinu hakikaliwi, na hata mtoto akikirukia anachapwa. Yeye hakujua, kwao labda si kitu. Nilikaa kwenye tairi. Likaniingiza ndani mpaka magoti yakafika kidevuni, wakacheka tena, nami nikacheka. Nasema haya ili ijulikane kwamba niliingia pale na moyo mweupe. Nilishtuka, nikashtuka, lakini ilikuwa mishtuko ya kuchekea.

Kisha mwanangu akasema sasa Mama aonyeshwe kile chenyewe.

Walinipeleka nyuma, kwenye kibaraza cha jikoni. Fundi alikuwa hapo na randa yake, amevaa kofia ya sufu pamoja na jua lile. Aliniamkia shikamoo bila kuacha kazi. Mbele yake ilikuwa meza ndefu ya kulia chakula, miguu ni ya cherehani mbili kuukuu, ya chuma. Juu yake ubao mnene, mwekundu. Nusu ilikuwa imeshapigwa randa, inang'aa kama asali. Nusu nyingine bado ilikuwa nyeusi ya moshi.

Nilitazama ile nusu nyeusi.

Nieleze kwanza. Mimi nilikuwa mkunga kijijini kwetu, upande wa Hanga, tangu mama mkwe wangu aliponikabidhi kazi mpaka miguu iliponikataa. Siku za semina za wakunga walitupa madaftari, tuandike kila mtoto. Nilifika darasa la pili tu, herufi nazijua ila mkono ni mzito, hata hivyo niliandika. Msimu mmoja wa mvua mchwa wakala daftari lote, wakabakiza jalada. Basi nikaacha karatasi. Mlango wa chumba changu ulikuwa wa mninga, na mchwa hawali mninga. Kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwangu nilimchanjia alama upande wa ndani wa mlango huo kwa kisu cha jikoni. Wa kiume mstari mmoja wima. Wa kike mstari wenye kijiti cha kuukata katikati. Mapacha, miwili iliyoungana kichwani. Ambaye hakulia, tundu dogo la msumari. Kila mavuno mapya, safu mpya. Jioni nikifunga mlango nilipitisha kidole, na kidole kikinipa majina. Watu husema bibi yule hasahau jina la mtu. Ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kuuliza nimeyaweka wapi.

Sasa nilikuwa nimesimama Lizaboni, naona palipong'olewa bawaba yangu, na matundu yake manne.

"Huu ni mlango wangu," nikasema.

Mwanangu akafurahi kwamba nimeutambua. Akaanza kusimulia jinsi mjukuu alivyokuwa akiomba mbao za zamani, msitupe kitu Mjomba, na jinsi yeye alivyoona mlango ule unaburuza chini, umechakaa, umejaa moshi. Nilipokuwa hospitali akaweka wa chuma, una komeo na kitasa, hata mwizi akija atalia. Alitaka nirudi nikute na mimi, mama yake, nina mlango kama wa ofisi. Maskini, alikuwa anangoja nimshukuru.

Nikamuuliza kama alitazama upande wa ndani. Akasema alitazama, ulikuwa na mikwaruzo. Mjukuu akaingilia, akasema walidhani nilikuwa naukatia mboga, maana zamani watu walitumia kitu kimoja kwa kazi nyingi. Fundi peke yake ndiye aliyeshusha randa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba asubuhi aliwaambia mikwaruzo hii imepangwa mistari, na panya hapangi mistari. Wakamwambia aendelee, padre anakuja.

Niliwaeleza. Sikupiga kelele, sikuwa na pumzi ya kupiga kelele. Niliweka kidole kwenye safu ya mwisho kati ya zilizobaki, nikawatajia watatu wa mwanzo, mtoto wa nani na siku ile kulikuwaje. Nikafika mpakani, kidole kikateleza kwenye ubao laini. Hakikushika kitu. Nikawa kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta ngazi moja haipo.

Mjukuu wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Bibi, mimi nilizaliwa kwako," akasema. "Mimi niko wapi?"

Nilihesabu safu kutoka chini, nikapima kwa shibiri kutoka kwenye matundu ya bawaba. Nikaweka kidole juu ya ule mng'ao wa asali.

"Ulikuwa hapa."

Hakulia. Aligeuka akamuuliza fundi maranda ameyapeleka wapi. Sijui alitaka kuyafanyia nini. Fundi akatazama chini. Maranda alimpa mume wa mjukuu, na mume wa mjukuu aliyatandaza kwenye banda, chini ya vifaranga, kwa sababu maranda ni mazuri kwa vifaranga, hukaa pakavu. Tuliwasikia vifaranga wanalia pale pale upande wa pili wa ukuta. Nilifikiria wale wa matundu ya msumari, ambao hawana kaburi lenye jina wala cheti, ambao nje ya mama zao ni mimi tu niliyewaweka mahali. Walikuwa kwenye safu za juu wengi wao. Miaka ile ilikuwa migumu.

Mwanangu akakasirika. Najua ilikuwa aibu imegeuka hasira, lakini alisema kwa ukali kwamba miaka yote hii nimelala nyuma ya mlango ule na sikumwambia hata siku moja, sasa yeye angejuaje, ni mganga? Yeye mwenyewe hayumo mlangoni, kwa kuwa siku aliyozaliwa nilikuwa mzazi, si mkunga, na mama mkwe wangu, aliyenizalisha, hakuwa na tabia ya kuchanja. Labda ndiyo maana sikuwahi kumwonyesha. Nilimwambia akae. Akaingia sebuleni akakaa kwenye kile kinu, hakuna aliyemkataza.

Aliyetuinua ni yule mume wangu wa Kanda ya Ziwa. Anafundisha hesabu. Aliingia ndani akatoka na chaki na rula ya mbao, akasema mke wangu, safu zilizobaki zina nafasi sawa, hata ulipokuwa umechoka kisu chako hakikuhama. Akachora mistari ya chaki juu ya ule upande laini, safu kwa safu, akizifuata zile za upande mweusi. Kisha akasema nipitishe kidole kama kawaida, juu ya chaki, nisifikirie. Mjukuu akachukua daftari la wanafunzi akakaa kwenye ngazi.

Basi nikapita. Fundi alishika ubao usitikisike, ingawa haukuwa unatikisika. Majina yalikuja. Mengine yalikuja na harufu ya mvua, mengine na sura ya baba aliyesimama nje anavuta majani ya nyasi kwenye paa langu kwa wasiwasi. Wale waliolia na wale wasiolia. Kwa wasiolia nilitaja jina la mama. Mwanangu alikuja akasimama karibu, na kila nilipotaja mtu aliyecheza naye utotoni alisema, "Kumbe na huyo?" Ilipofika zamu ya mjukuu, aliandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko wa darasani, taratibu.

Safu ya nne kutoka juu, nafasi ya sita, kidole kikasimama.

Nilijua ni wa kike. Nilijua mama yake alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, maji yamejaa, amebeba kikapu cha ulezi kichwani na hakukubali kukitua mpaka nilipomnyang'anya. Nilijua mtoto alizaliwa kichwa kina nywele nyingi na alilia kabla hajatoka vizuri. Jina halikuja. Nilirudi mwanzo wa safu, nikaja tena, likagoma. Haijawahi kunitokea. Nawaambia, kuona mlango wangu umekuwa meza hakukunitisha kama hilo.

Mjukuu alisema tuache nafasi wazi. Aliacha mstari mtupu kwenye daftari, na fundi akachanja upya alama zote palipokuwa na chaki, kwa patasi yake ndogo kabisa, nami nikimwongoza. Hiyo moja nilichanja mwenyewe kwa kisu. Waliniuliza kama nataka mlango urudi nyumbani. Nilisema ubaki mezani, ila usiwekewe kitambaa wala sufuria ya moto. Jumapili padre aliunyunyizia maji kama vitu vingine vyote, akala wali juu yake.

Nimeandika haya polepole, mjukuu akinirekebishia herufi. Wewe uliyezaliwa nyumbani kwangu, au uliyezaa pale, ukiona nimekuweka msimu usio wako, au nimesema ulikuja na mvua kumbe jua lilikuwa linawaka, nisahihishe, sitaona vibaya. Na kama ni wewe mwenye nywele nyingi, au ni mama yako aliyebeba ulezi, niambie unaitwa nani. Mstari wako uko wazi.