Amplifaya ya Mizunguko Sitini

Laki tisa na arobaini. Nimejumlisha mara mbili, mara ya pili nikiomba ipungue, ikagoma. Hapo kuna amplifaya ya zamani ya kuongeza nguvu ya redio, transfoma ya kushushia umeme, guta la kubebea mzigo kutoka Gerezani mpaka kwangu Kariakoo, na feni.

Nina leseni ya redio ya ridhaa, naongea hewani kwa raha zangu. Kaka yangu wa Kigoma ana redio pia, ila alikuwa ananisikia kama mtu aliyeingiza kichwa ndooni. Mke wangu aliuliza kwa nini nisimpigie simu. Nikaenda Gerezani kutafuta amplifaya, ndoa ina mipaka yake.

Muuzaji aliitoa kwenye kontena la mitumba kutoka Marekani. Nikaikagua kwa uso wa msiba. Nyuma imeandikwa volti 110, mizunguko 60 kwa sekunde. Nikapata pa kushika.

"Bosi, hii ya sitini. Umeme wetu hamsini. Haitufai."

"Aah, kaka, unaacha mzigo kwa kumi tu?"

"Basi hiyo kumi itoe kwenye bei."

Akatoa elfu ishirini. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilichosema ni kweli. Kwangu mimi, kasoro ikishapunguziwa bei huwa imetengenezwa.

Nyumbani nikaiunga kwenye ile transfoma ya kushushia. Ikanguruma kama friji la bucha. Kaka akajibu: "Leo uko sebuleni kwangu kabisa!" Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia hivyo. Mara chumba kikanuka vanishi.

"Unapika nini?" mke wangu akauliza.

"Naongea na shemeji yako."

"Basi mgeuze, anaungua."

Nikazima, nikaenda kununua feni. Harufu ikabaki, sasa ikisambaa vizuri zaidi.

Jirani yangu wa ghorofani, mzee wa Kihindi mwenye leseni ya redio iliyonizidi umri, alipokea shikamoo yangu akaweka kiganja juu ya bati la amplifaya. "Umeshusha volti, mizunguko hukuigusa. Kwa hamsini, chuma cha transfoma ya ndani kinashiba sumaku mapema, ziada yote inakuwa joto. Shusha volti zaidi, au transfoma isukwe upya kwa chuma kikubwa."

Kusuka upya kuna bei yake. Kushusha, nimepiga hesabu mara mbili, inakuja volti 92. Lakini valvu, zile chupa za kioo zinazokuza mawimbi, zinapashwa moto na transfoma hiyohiyo, na nikiiacha ilivyo ikaungua sina pa kupata nyingine.

Mliowahi kuendesha ya sitini kwenye hamsini: kwa 92, valvu zitapata joto la kutosha, au nitakuwa naziua kwa baridi? Naombeni ushauri. Kaka ananiita kila jioni, namjibu kutoka ndooni.